Kutoka Nakuru Hadi Saiwa: Kuwapelekea Majirani Picha za Wanyama Wao

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, nikiijenga kutoka kwenye daftari, jumbe nilizokuwa nikimtumia mama kila jioni, na saa zilizojiandika kwenye picha zenyewe. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa chuoni, ambaye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa njia nzima.

Tulichokwenda kufanya ni hiki. Kwa muda sasa nimekuwa nikipiga picha za wanyama walio katika hatari ya kutoweka, hasa wa upande huu wetu wa Bonde la Ufa na magharibi. Picha hizo huonekana na watu wa mbali kabla ya watu wa karibu. Mgeni wa Berlin ameshaniandikia akiniuliza habari za vifaru wa Nakuru, na jirani yangu wa Bondeni, anayeishi mwendo wa boda kutoka mbugani, hajawahi kumwona kifaru hata mmoja. Jambo hilo linaniuma. Anayeamua kama mnyama ataishi au hataishi ni yule anayelima kando ya uzio wake, anayekata mafunjo kwenye kinamasi chake, anayepiga kura kwenye wadi hiyo. Kwa hiyo tukaamua kuchapisha picha kubwa, kuzikunja, na kuwapelekea wenyewe.

Jumapili: Nakuru

Mabango yalichapishwa kwenye ile plastiki ngumu inayochapishiwa sura za wanasiasa wakati wa kampeni. Haichaniki, hainyonyi maji, na inakunjwa kama mkeka. Mchapishaji wa mjini alinitoza shilingi 700 kwa mita ya mraba, na aliposikia yanakwenda shuleni na sokoni akapiga pete za chuma kwenye pembe zote bila kuongeza senti. Kila bango lina mnyama mmoja, jina lake kwa Kiswahili, na mstari mmoja wa idadi. Halina nembo wala jina langu.

Idadi nilizitoa kwenye sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini: vifaru weusi 897, nzohe (swala wa vinamasini) 473, korongo 15. Korongo ninayemtaja hapa ni yule swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe.

Kabla ya kuondoka tuliingia Mbuga ya Ziwa Nakuru kwa lango la Lanet, maana nilitaka picha moja zaidi. Anayekumbuka ziwa hili la zamani atashangaa. Maji yameongezeka kwa zaidi ya miaka kumi sasa, yakameza lango kuu la zamani na barabara ya ufukweni, na migunga iliyosimama majini imekauka na kuwa myeupe. Heroe waliolipatia ziwa sifa wamepungua mno, kwa kuwa maji mengi yamepunguza ule mwani wanaokula, na wengi wamehamia Ziwa Bogoria. Vifaru wamebaki. Mwaka 1987 mbuga hii ilifanywa hifadhi ya vifaru na kuzungushiwa uzio, na ulikuwa wakati mgumu kweli: mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400.

Nilichokuwa nikitafuta ni mdomo. Watu wengi hudhani kifaru mweusi na mweupe hutofautiana kwa rangi, na wakimwona wote wawili wamejipaka tope lilelile hukata tamaa. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaoupinda kama kidole kuvutia majani ya kichaka. Mweupe ana mdomo mpana wa kukata nyasi chini. Saa kumi na moja kasoro tulimpata mweusi kwenye vichaka, akivuta tawi la mgunga, mdomo umelizunguka na miiba ikionekana moja moja. Picha hiyo ikachapishwa jioni ileile.

Kwa wanaopanga kwenda: viingilio vya mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, na langoni hawapokei pesa taslimu. Angalia bei siku unayokwenda kwa sababu hubadilika. Droni usiibebe bila kibali. Na ukipiga picha ya kifaru kwa simu, zima kwanza kipengele cha mahali kabla hujaituma popote. Jangili haitaji zaidi ya hapo.

Jumatatu: Nakuru hadi Kisumu

Nauli ilikuwa shilingi 800 kila mmoja, na makanga alitaka 200 nyingine kwa ajili ya furushi la mabango. Tukazungumza, akakubali 100. Gari lilichelewa kujaa kwa karibu saa mbili. Baada ya hapo Salgaa, Mau Summit, Londiani, baridi na ukungu, wengi ndani ya gari wamelala.

Kericho gari lilisimama kwa sababu ya tairi. Tulishuka tukanywa chai ya maziwa na maandazi kwenye kibanda, shilingi 60 kwa mtu, tukiangalia majani chai yalivyolala kwenye miteremko hadi upeo wa macho. Mama wa kibanda aliona pembe ya bango ikichungulia akaomba alikunjue. Lilikuwa la nzohe. Alilitazama kwa muda, akauliza, "Huyu anaishi Kenya hii?" Nikamwambia yuko hata upande wa ziwani na upande wa Kitale. Akamwita mumewe, mumewe akamwita fundi wa tairi, na fundi akaja na spana mkononi. Kwa hiyo maonyesho yetu ya kwanza yalifanyika kando ya barabara, na tairi likasubiri.

Tulishuka mteremko wa Awasi, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, tukaingia Kisumu jua likiwa linazama. Chumba karibu na Kibuye, shilingi 1,500 kwa usiku, maji ya moto yapo, mbu pia wapo. Bebeni neti.

Jumanne: Dunga

Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria, ni kilomita chache tu kutoka mjini, boda shilingi 150. Fikeni saa kumi na mbili alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Tulikodi mashua kutoka kwa vijana wa pale wanaoongoza wageni, shilingi 2,500 kwa mwendo wa saa moja na nusu kandokando ya mafunjo.

Tulikuwa tunamtafuta gonoleki wa mafunjo. Ndege huyu ana kifua chekundu kama damu mbichi, utosi wa manjano, mgongo mweusi wenye mstari mweupe kwenye bawa, na haishi penginepo ila kwenye mafunjo. Yakikatwa yote, naye hana pa kwenda. Kijana aliyetuongoza alizima injini akasema tusikilize. Dume na jike huitikiana, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, na unaweza kudhani ni ndege mmoja. Ukimya ukapita, ukaja mwitikio, ukimya tena. Hatimaye mmoja alipanda juu ya shina, akakaa muda mfupi sana huku shina likiyumba, nikapata picha chache zenye kifua chote.

Neno kwa wapiga picha wa ndege. Kuna wanaowachezea ndege sauti iliyorekodiwa kwenye simu ili watoke. Ndege hudhani adui ameingia kwenye eneo lake, huacha kulisha makinda, huhangaika. Vijana wa Dunga hawapendi jambo hilo, na wana haki. Subira inatosha.

Baada ya hapo tulitandaza mabango ufukweni, tukayafunga kwenye nguzo za banda la samaki kwa ruhusa ya wenyewe. Kinamama waliokuwa wakipaa samaki walikuja na visu vyao mkononi. Mmoja, mtu mzima, alinishika bega akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), huyu mmempigia wapi?" Bango lilikuwa la nzohe tena. Nilipomwambia tunakwenda kumtafuta Kitale, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliingilia: "Zamani alikuwa hapahapa. Tulikuwa tukienda kukata mafunjo tunamkuta amejizamisha, pua tu ndiyo iko juu." Wakaanza kubishana wao kwa wao: nani alimwona mara ya mwisho, mwaka gani, mafunjo yalifika wapi wakati huo. Mama mmoja alionyesha kwa kidole mahali ambapo sasa kuna shamba la mboga. Mimi nilikaa kimya nikiandika. Kwangu, picha imefanya kazi yake pale watu wenyewe wanapoanza kukumbushana na kuhesabu kilichopotea bila mgeni kuwahubiria.

Mafunjo pale ni riziki. Yanasukwa mikeka na vikapu, na samaki wengi huzaliana kwenye mizizi yake. Hakuna aliyesema yasikatwe. Mazungumzo yalikuwa juu ya kukata kwa zamu na kuacha sehemu zipumzike, na waliyajua hayo kuliko mimi.

Tulikula sato wa kukaanga aliyerudishwa kwenye mchuzi, ugali na osuga (mboga ya mnavu), shilingi 600 sahani. Mlaji mmoja hamalizi.

Jumatano: Kisumu hadi Homa Bay

Safari fupi kupitia Katito na Kendu Bay, shilingi 500, barabara nzuri. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Tulikaa tukachaji betri, tukasafisha lenzi, na jioni tukatafuta gari la kwenda Ruma. Mwenye Probox alitaka 6,000 kwa siku nzima, tukakubaliana 5,000, mafuta juu yake. Kama mvua imenyesha sana, afadhali mkodi gari lenye nguvu ya magurudumu manne, maana udongo mweusi wa bonde lile ukilowa haumwachii mtu.

Alhamisi: Ruma

Mbuga ya Ruma iko kwenye Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120 hivi za nyasi ndefu, Mlima Gwasi upande mmoja na ukuta wa Kanyamwa upande mwingine. Ilianza mwaka 1966 kama hifadhi ya wanyama, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ni mahali pekee Kenya ambapo korongo bado anaishi porini. Zamani alipatikana sehemu nyingine za nchi, akaisha kimyakimya bila nyimbo wala magazeti.

Kilicholinda nyasi hizi kwa miaka mingi ni mbung'o. Ugonjwa wa malale uliwafanya watu waliogope bonde, na pakabaki pori. Mbung'o wamepungua kwa juhudi nyingi za kuwaangamiza, lakini hawajaisha. Msivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi, rangi hizo huwavuta, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo.

Renja aliyeandamana nasi alikuwa mpole na mwenye kuona mbali. Tulipita twiga, taya wakiruka nyasi, kongoni kwenye kichuguu. Mbayuwayu wa buluu walipita chini chini juu ya nyasi. Hawa huzaliana kusini mwa Afrika na kuja kwetu miezi ya katikati ya mwaka, nao pia wamepungua. Nilijaribu kuwapiga, wana kasi mno.

Saa tatu kasorobo renja aligonga dirisha kwa kucha. Korongo. Nisiseme upande gani wala walikuwa wangapi. Walikuwa mbali, nyasi zimewafika tumboni, na joto lilikuwa limeanza kufanya hewa icheze. Niliweka kamera juu ya mfuko wa mchele uliokaa dirishani, nikangoja upepo utulie. Mmoja aligeuza kichwa: uso mweusi, mabaka meupe mbele ya macho, mdomo mweupe, masikio marefu yenye vishungi vya nywele nchani, pembe zilizopinda kurudi nyuma, manyoya magumu yaliyosimama shingoni. Alitutazama kwa muda ambao ulitosha picha nne au tano, kisha wakaingia kwenye bonde dogo.

Picha haina ukali ninaoutaka. Mnyama ni mdogo kwenye fremu, nyasi ni nyingi. Hata hivyo, ndiyo picha iliyonipa furaha kubwa kuliko zote safarini.

Njiani kurudi langoni renja alifungua boksi lililokuwa chini ya kiti cha ofisi yao. Lilijaa mitego iliyookotwa porini, waya za breki za baiskeli, zimesokotwa kitanzi, nyingine bado zina nywele. Mtego hauchagui. Aliyeutega anataka swala mdogo wa mchuzi, na anayenaswa anaweza kuwa korongo mwenye mimba. "Wanyama wakiwa mia, hasara unaihimili," alisema. "Hawa wakinaswa wawili, umeona mwenyewe." Nilipiga picha ya waya zile juu ya meza, karibu kabisa, hadi kutu inaonekana. Hiyo nayo itakuwa bango.

Mchana tulikwenda shule ya msingi iliyo karibu na uzio. Nilikuwa nimewasiliana na mwalimu mkuu wiki mbili kabla, na hilo nawasihi wengine mlifanye: usiingie shuleni na kamera bila idhini ya maandishi, na usipige sura za watoto kama wazazi hawajakubali. Tulifunga mabango kati ya miti ya uani. Watoto walimtambua kifaru, twiga na simba papo hapo. Kwa korongo wakanyamaza. Mmoja akajaribu, "Punda?" Mwingine akasema ng'ombe wa Maasai. Wanaishi mahali ambapo wakipanda juu ya jabali wanaweza kuona nyasi anamokula, na hawakuwa wamewahi kuonyeshwa sura yake.

Mwalimu wa Gredi ya 6 alifanya jambo ambalo sikulipanga. Alisoma mstari wa chini, akahesabu wanafunzi kumi na watano, akawasimamisha mbele. Waliobaki wamekaa walikuwa zaidi ya mara tatu yao. "Hawa ndio korongo wote wa Kenya nzima waliohesabiwa mwaka 2021," akasema. Kisha akawaambia wawili wakae. "Huyu amenaswa kwenye waya. Huyu ameliwa na fisi. Wamebaki wangapi?" Darasa likajibu kwa sauti moja, na msichana mmoja kati ya waliosimama akawashika mikono wenzake wa kulia na kushoto. Hakuna maelezo yangu yoyote ambayo yangefikia hapo.

Baadaye, tukiwa tumekaa ofisini na uji wa wimbi, mwalimu aliniuliza kwa nini sikuleta picha za wanyama waliouawa, kwa kuwa zinashtua. Ni swali la haki. Mwaka 2017 Brent Stirton alishinda tuzo kuu ya mashindano ya wapiga picha wa wanyamapori ya Natural History Museum, London, kwa picha ya kifaru mweusi aliyeuawa Afrika Kusini na pembe zake kukatwa. Picha ile ilifanya kazi iliyopaswa, iliwaonyesha walio mbali gharama ya pembe. Lakini mtoto ambaye hajawahi kumwona korongo akiwa hai hawezi kuanzia kwenye mzoga. Amjue kwanza akiwa anatazama, masikio yamesimama. Ndiyo maana naipenda pia njia ya mpiga picha Joel Sartore na mradi wake wa Photo Ark ulioanza mwaka 2006: kila kiumbe, mkubwa kwa mdogo, hupigwa mbele ya pazia jeusi au jeupe, na mende akapewa nafasi sawa na ndovu. Mimi sina pazia, nina nyasi za Lambwe, lakini mabango yangu yote yana ukubwa mmoja kwa sababu hiyo.

Kabla hatujaondoka nilimwonyesha mwalimu picha ya asubuhi kwenye kioo cha kamera, na watoto wakajazana. Nilikuwa nimepanga kuwaachia bango la kifaru, ndilo zuri kuliko yote. Mwalimu akawauliza wao wanataka lipi. Walitaka lile la korongo wa mbali, ambalo hata halikuwa limechapishwa. "Huyu ni wa kwetu," mvulana mmoja alisema. Nikaahidi nitalichapisha na kulituma.

Mtoto mwingine aliuliza kama wao wanaruhusiwa kuingia mbugani. Wanaruhusiwa, na mwanafunzi hulipa kidogo. Kinachokosekana ni basi. Mwenye basi na moyo, shule kama hizi ziko kila upande wa uzio ule.

Ijumaa: Homa Bay hadi Kitale

Siku nzima barabarani: Kisumu, Chavakali, Kakamega, Webuye, kwa magari matatu tofauti na kama shilingi 1,700 kwa mtu. Sitaisimulia yote, isipokuwa kituo kimoja.

Kabla ya Webuye gari letu liliharibika, na mvua ikaja ghafla yenye mawe. Dereva alitushusha ili afungue injini. Mama aliyekuwa akichoma mahindi chini ya turubai alitupigia kelele, "Leteni mizigo hapa, watoto wangu!" Akasogeza jiko lake kwenye mvua, moto ukazimika, ili mfuko wa kamera na furushi la mabango vipate nafasi pakavu. Tulikaa hapo karibu saa nzima tumebanana. Tulipotaka kumlipa makaa yaliyoharibika alikataa katakata, akatupa na mahindi mawili. Tulimwonyesha picha za wanyama na ndege tulizokuwa nazo kwenye kamera, akacheka sana kumwona gonoleki, akasema rangi zile ni za leso. Mdogo wangu alirudi akamnunulia mfuko mzima wa makaa kwenye duka la jirani na kumwachia.

Kitale tuliingia saa mbili usiku. Kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, 450.

Jumamosi: Saiwa

Kutoka Kitale ni kilomita ishirini na kitu kuelekea Kapenguria, halafu boda kushuka hadi langoni. Saiwa ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba tatu tu, na ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Huingii na gari. Unatembea kwa miguu pembezoni mwa kinamasi na juu ya vijia vya mbao, na kuna majukwaa ya kupanda ukakaa ukatazama. Mbao zikilowa zinateleza, vaeni viatu vyenye meno.

Tulipanda jukwaa kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matete. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea ila vyura na sauti ya ng'ombe kutoka mashambani, kwa kuwa mashamba ya mahindi yamefika hadi mpakani. Hapo ndipo unaelewa udhaifu wa mahali hapa. Mbolea na udongo wa mlimani vyote vinateremkia kinamasini.

Halafu matete yakasogea bila upepo. Jike la nzohe, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mistari myeupe hafifu ubavuni, lilitoka hadi kwenye uwazi mdogo likaanza kula. Lilipoinua mguu niliona kwato. Ni ndefu ajabu, zimepanuka kama mkasi uliofunguliwa, na hizo ndizo humfanya atembee juu ya mimea iliyolala majini bila kuzama. Mnyama yuleyule ukimweka kwenye ardhi ngumu hutembea kwa shida. Nilipiga picha ya kwato peke yake, tone la maji likining'inia, na sijui kama nitapata nyingine kama hiyo.

Wakati wa kurudi tulikutana na kima karasinga kwenye miti ya kandokando ya maji, wenye ndevu nyeupe na ukanda wa rangi ya chungwa kwenye paji. Ni wasiri, wakikuona hukaa tuli kabisa. Dume lilikaa kimya juu yetu, tukamwona kwa sababu tu mkia ulikuwa unaning'inia.

Alasiri tulitundika mabango karibu na soko la Kipsaina. Watu wa hapo hawahitaji kufundishwa kinamasi. Wapo waliofanya kazi ya miaka kumlinda yule ndege mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye tangu mwaka 2012 yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani kwa sababu vinamasi hukaushwa na makinda hukamatwa. Mzee mmoja mkulima aliniambia ndege hao hutaga kwenye sehemu ya chini ya shamba lake, ambayo hailimwi. "Mahindi nitapata juu," alisema. Akaomba apigwe picha akiwa amesimama hapo, siyo ndege peke yake. Nilimpiga, na nadhani ana haki kabisa: kwenye picha nyingi za uhifadhi, mtu aliyemwachia mnyama nafasi haonekani.

Mama mmoja alilalamika kwamba nyani humaliza mahindi yake na hakuna anayemlipa. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuandika alichosema, na nimekiandika hapa.

Jumapili: Kurudi

Kitale, Eldoret, Nakuru, shilingi 1,000, bila tatizo lolote. Uzito wa furushi ulipungua kwa kuwa mabango mawili yalibaki Dunga na moja Kipsaina.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa mchapishaji na faili la korongo wa mbali. Aliniuliza kama nina uhakika, maana alikuwa anaona nyasi tu. Nikamwonyesha alipo mnyama, akasogea karibu na kioo, akaona masikio. Alilichapisha kwa bei ileile. Kifurushi kilikwenda Homa Bay kwa matatu, shilingi 300, na Alhamisi mwalimu akanitumia picha ya bango likiwa ukutani nje ya Gredi ya 6, limefungwa kwa waya kwenye zile pete za chuma. Chini yake watoto wamebandika karatasi yenye mistari kumi na mitano ya kuandikia majina ya korongo, na mistari mingine mitupu kwa watakaozaliwa. Shule jirani sasa nazo zinaomba, na faili la waya za breki liko tayari kuchapishwa.